Sahani ya Bluu Inayochechemea

Mke wangu Rosa Kiden alisema maneno haya akiwa anachambua maharage. Hakuniangalia.

"Siku ya kumaliza matanga yangu, Baba Paska, mucheze ile ya bluu. Kama bluu hakuna, hapana cheza kitu. Watu wakule tu, waende."

Nikamwambia sawa. Hakuwa mgonjwa siku ile. Nilidhani ni maneno ya mtu anayechambua maharage.

Sasa ameondoka, na mimi nataka kumwandika kidogo. Zamani kila mtu wa Koboko alimjua kwa sahani zake za santuri. Waliobaki ni wachache, na vijana wa kanda za kaseti hawajui sahani ni kitu gani. Mimi sikukaa shule, na maneno mengi sina. Maneno alikuwa nayo yeye.

Rosa alikuwa Mkakwa wa Koboko penyewe. Mimi ni Mlugbara wa Pajulu, karibu na Arua. Nilikwenda Koboko kutengeneza baiskeli. Nilikuwa na mahali pangu pembeni ya soko, na siku moja msichana mmoja akaja anakokota baiskeli ya kaka yake, mnyororo umekatika. Aliinama akaangalia kazi yangu mpaka mwisho, na wakati wote alikuwa anaimba kwa pua. Nilipozungusha gurudumu kulijaribu, akaimba kwa mwendo wa gurudumu. Nilipoliacha lipungue, naye akapunguza. Mimi nikalizungusha tena, ingawa kazi ilikuwa imekwisha.

Kaka yake aliitwa Yakani. Alikuwa mwanajeshi, mpiga tarumbeta katika bendi yao. Wenzake walipopewa likizo walileta vitenge na sukari. Yakani alileta sahani. Kila alikopelekwa alirudi na moja au mbili, akamkabidhi dada yake amtunzie, na akanunua gramafoni ya betri, ile ya kufungwa kama sanduku la nguo. Vita vya sabini na tisa vilipokuja, Yakani alikwenda kusini na wenzake. Hatukumwona tena. Hakuna aliyeleta habari, ya kufa wala ya kuishi.

Hivyo sahani zikabaki kwa Rosa. Yeye hakupenda watu waseme ni zake. Alisema ni za Yakani, yeye anapangusa vumbi tu.

Lakini alizijua. Mtu akija na jambo lake, Rosa hakumpa shauri. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainama kwenye sanduku.

Aliyegombana na mke wake alipewa sahani kubwa ya Kinshasa, ile yenye wanaume wa suruali pana wamesimama mbele ya gari. Wimbo wa kwanza unakula upande wote. Gitaa zinaanza polepole, mwimbaji anachelewa sana kuingia. Rosa alisema ukiweza kumngoja huyo mwimbaji bila kuinuka, utaweza kumngoja mke wako pia. Alisema tena, usiisikilize na njaa.

Dereva wa lori na mtu wa kupalilia karanga walipewa mzungu wa kofia kubwa, anapiga gitaa na kulia. Hakuna aliyejua Kiingereza chake. Sule, mchinjaji wa sokoni, alisema mtu huyu analilia ng'ombe. Mimi nilisema analilia baiskeli. Rosa alisema analilia mama yake, kwa sababu ng'ombe haliliwi taratibu hivyo. Sule akajibu kwamba yeye ni mchinjaji, mambo ya ng'ombe asifundishwe. Wakacheka, lakini sahani ilipoisha Sule aliomba irudiwe, na safari hii hakusema kitu.

Mgonjwa alipewa yule wa Kampala, mtu mmoja na gitaa moja, anasimulia tu. Hata kama hujui Kiganda, unasikia kwamba mtu amekaa karibu na kitanda chako na hana haraka ya kwenda. Aliyeamka na kichwa kizito cha pombe ya kwete alipewa kwaya ya misheni na ngoma zake, akae nayo kwa adabu mpaka mwisho. Bibi harusi alipewa taarabu ya pwani.

Taarabu ilikuwa na kazi nyingine. Jirani yetu Viktoria alikuwa na desturi ya kuazima sufuria na kusahau. Rosa hakwenda kuidai. Alitoa gramafoni nje, akaigeuza mdomo wake upande wa nyumba ya Viktoria, akaweka taarabu. Maneno hatukuyaelewa yote, lakini sauti ya yule mama anayeimba ilikuwa inajua kabisa sufuria iko wapi. Viktoria alitoka akicheza, sufuria kichwani. "Roza, sahani yako iko na mdomo mrefu," alisema. Akaiweka chini, akacheza mpaka wimbo ukaisha, akarudi kwake. Kesho yake akaazima tena.

Wa mwisho ni yule wa Omdurman, mwenye kilemba. Udi unatangulia, fidla nyingi zinamfuata nyuma, zinatanda. Kiarabu cha sokoni sisi tunakijua kidogo, lakini cha yule mtu kilikuwa mbali. Rosa alimwekea yeyote anayemngoja mtu. Baada ya Yakani kwenda, aliiweka wakati ukungu unashuka kutoka mlima Liru, asubuhi, akasimama mlangoni mpaka iishe. Mimi nilikaa ndani. Ule ulikuwa mlango wake.

Na ile ya bluu? Ilikuwa ndani ya sanduku na nyingine. Ganda lake bluu, juu yake mkono wa mwanamke umeshika nusu ya papai. Muziki wa Kongo wa mbio kidogo, una saksafoni. Siku zile Rosa hakuihesabu kuwa kitu. Aliita ya kufagilia uwanja.

Tulipoanza kusikia bunduki karibu, watu wakafunga mizigo ya kuvuka Sudani. Sahani ni nzito na zinavunjika. Rosa alifikiri asubuhi nzima. Kisha akasema tutaacha sahani, tutabeba gramafoni, maana gramafoni haina pacha. Nikamwuliza tutazificha wapi, wezi wanajua kuchimba. Akaniambia mimi mwanaume sijui kitu.

Kwetu mwanamke hahamishi mafiga ya mwanamke mwenzake. Anaweza kuingia nyumba iliyoachwa, akalala, akala mihogo ya shamba, lakini yale mawe matatu atayaacha pale alipoyakuta. Hata mwenye roho mbaya anaogopa. Basi Rosa aliyaondoa mafiga yake mwenyewe, akaniambia nichimbe chini yake. Tukatia sanduku la bati, juu yake turubai, juu yake majivu, na udongo. Akayarudisha mawe kama yalivyokuwa. Akamwaga maji, akapaka, akawasha moto kidogo ili paonekane pamepikiwa. Ile ya bluu ilikuwa imewekwa juu kabisa, kwa sababu ilikuwa ya mwisho kutumika. Tulikuwa tumefagia uwanja.

Hakuna shimo bora kuliko lile. Hakuna aliyeligusa. Lakini kosa letu hatukuliona, na nadhani hata mama yake Rosa asingeliona.

Tulivuka mto Kaya na baiskeli moja, gramafoni nyuma, binti yetu Paska akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Tukakaa mbele ya Yei miaka mingi. Betri zikafa mapema.

Hapo ndipo nilipomjua Rosa zaidi. Jioni jua likiwa bado liko, alitoa gramafoni tupu nje, akaiweka juu ya kigoda, akaifungua. Watu wa kambi wakaja wakakaa. Akauliza mnataka sahani gani. Mmoja akasema weka yule wa kofia. Rosa akapangusa hewa kama anapangusa sahani, akainamisha sindano pasipo kitu, akaanza kusukuma lile bamba la kuwekea sahani kwa kidole, lizunguke polepole. Kisha akaimba. Aliimba gitaa, aliimba mtu, aliimba hata ule mkwaruzo wa mwanzo kabla muziki haujaingia. Akichoka kidole, wimbo ulipungua, watu wakamwambia sukuma, Mama Paska, betri inakufa. Wakacheka. Akasukuma.

Watu walioacha mashamba na makaburi walikaa pale wakisikiliza bamba tupu. Mzee mmoja wa Ajia aliomba kila siku yule wa Kampala. Hakuwa mgonjwa. Alitaka tu mtu akae karibu naye.

Mimi nilikuwa naangalia kile kidole. Mpaka sasa nikifumba macho nakiona kikienda.

Mwaka wa themanini na sita njia zilipofunguka, tukarudi. Nyumba ilikuwa haina paa, kuta zimekuwa fupi kwa mvua. Mafiga yalikuwa mahali pake, matatu, meusi. Viktoria alikuwa amerudi kabla yetu, akaja kusimama na sisi. Rosa alipiga magoti, akagusa majivu. Yalikuwa mengi, yamejaa, yamekuwa kilima. Ndipo nilipoelewa, na nikaona amekwisha kuelewa.

Hakuna aliyehamisha mawe. Lakini waliopita wote walipikia pale. Miaka ile yote, wakimbizi na askari na wafanyabiashara wa kwenda Oraba, kila mtu alikuta mafiga yako tayari, akaweka sufuria yake kwa heshima. Moto ulikuwa unawaka juu ya sahani zetu.

Tukachimba. Turubai lilikuwa limegandana na bati. Za chini zilikuwa nzima. Maganda yameliwa na mchwa kidogo, lakini zenyewe nzima. Ile ya bluu ilikuwa imepinda. Upande mmoja umeinuka na kushuka, kama ukingo wa jani la muhogo likikauka.

"Tupa hii," Viktoria alisema.

Rosa hakutupa. Nilitafuta betri sokoni, kukawa na mtu ametoka nazo Arua. Siku ile ile tuliweka gramafoni uwanjani, na yeye akachagua ile iliyopinda kwanza. Alisema mgonjwa ndiye anayeangaliwa kwanza.

Sindano ikapanda, ikashuka. Sauti nayo ikazama, ikainuka. Kila sahani ilipomaliza duara moja, muziki wote ulikanyaga shimo, saksafoni, gitaa, mtu, wote pamoja, wakatoka, wakaenda tena. Tulitaka kucheka. Kisha Viktoria akakunja goti pale inaposhuka. Akainuka nayo. Akakunja tena. Mimi ni mtu wa baiskeli, najua gurudumu lililopinda linavyokwenda, lakini sikuwahi kuona mtu akicheza juu yake.

Na kulikuwa na kitu kingine. Wimbo wa pili, upande wa pili, kuna mahali sindano haikuweza kushuka na bonde. Iliruka. Ikala neno zima la mwimbaji, ikaangukia mbele. Viktoria alipofika pale aliruka nayo, akatua.

Watu wa jirani wakaja. Wote walikuwa wametoka njiani, Sudani au Kongo, miguu yote ilikuwa na njia yake ndani. Wakakunja goti, wakainuka, wakafika pale, wakaruka. Hakuna aliyefundisha. Miaka iliyofuata, harusi za Koboko zilichezwa hivyo, na watoto wakadhani wimbo umezaliwa hivyo. Wakiusikia kwenye redio umenyooka, walisema redio imeharibika.

Siku nyingine nilimwuliza Rosa anadhani ni neno gani lile lililoliwa. Alikuwa anatandaza mtama. Alitandaza muda.

"Yakani alikwenda nayo," akasema. "Iko nayo. Akirudi atasema."

Hakucheka. Mimi sikuuliza tena. Lakini tangu hapo ile ya bluu haikuwa ya kufagilia. Ilikuwa ndiyo anayompa mtu ambaye hakuna sahani nyingine iliyomfaa. Mwanamke wa Omugo aliyezika watoto, alimpa ile. Mwanaume aliyerudi akakuta shamba lake lina mtu mwingine, alimpa ile. Alisema, "Hii inajua kuanguka na hailali."

Kisha ikaja habari ya Ariwara. Tulikuwa tunakwenda huko, upande wa Kongo, soko la wiki, mimi kununua mipira ya baiskeli, yeye kuuza ufuta. Kulikuwa na Celestino, mtu wa kuuza sahani na kanda, mcheshi, anamwita kila mwanamke dada mkubwa. Siku moja alitoa kitu kwenye sanduku lake, akakiinua juu. Ganda bluu, mkono, papai. Nzima, haina hata mkwaruzo.

"Dada mukubwa, mutu mwenzako huyu. Naweka, unasikia yote, hata ile yenye moto ilikula."

Alikuwa amesikia habari yetu, kama watu wote wa mpakani. Tayari alikuwa anaishusha sahani kwenye gramafoni yake. Rosa aliweka kiganja juu ya bamba, likasimama.

"Acha, Celestino. Huyo anafanana na wangu tu. Si yeye."

"Ni yeye, dada. Kiwanda moja."

"Wangu anachechemea. Na ile neno iko na mwenyewe. Mimi siwezi kuisikia kwa mutu ingine."

Celestino aliniangalia mimi. Mimi niliangalia mipira ya baiskeli. Akairudisha sahani kwenye ganda taratibu, akampa Rosa muwa bure. Tulirudi, Rosa amekaa nyuma yangu, mpaka tukauona mlima Liru. Hapo akaniomba nipunguze mwendo, akaimba ile ya bluu nyuma ya baiskeli. Alipofika mahali pale, aliruka. Nilisikia baiskeli ikiruka pia.

Paska alikua, akaolewa Arua. Mimi nikazeeka kwa kazi ya kuinama, tukahamia Pajulu kwetu, kwenye ardhi ya baba. Rosa alikuja na sanduku la bati juu ya miguu yake ndani ya lori, hakukubali liwekwe na mizigo. Pajulu hawakumjua. Walimwita yule Mkakwa wa santuri. Baada ya muda walianza kuja na mambo yao, mmoja mmoja, na yeye akainama kwenye sanduku.

Kifua kilimshika mwaka wa tisini na tisa. Hospitali walimwangalia vizuri, wakamwangalia tena, wakaturudisha nyumbani. Mimi nilimwekea yule wa Kampala. Alisikiliza, akatabasamu, akasema, "Baba Paska, umejua kazi yangu." Kisha akaniambia niitoe, nikae mimi mwenyewe pale. Nikakaa.

Alipokuwa anakwenda aliongea kidogo. Yale ya maharage aliyasema tena, "Ya bluu. Si ingine." Nikasema nimesikia.

Tukamzika. Siku ya kumaliza matanga ikapangwa baada ya mavuno, watu wa Koboko wakapelekewa habari. Nilitoa gramafoni wiki ile niijaribu. Haikuzunguka. Nikaipeleka Arua kwa Adriko, fundi redio. Aliifungua, akapuliza vumbi, akasema mota imekwisha na sindano imekuwa butu, na vitu hivyo havitengenezwi tena, watu wanamletea kanda tu. Nilimwambia ni kwa ajili ya marehemu. Akajaribu siku nzima, hakutaka hata soda. Mwisho akanirudishia imefungwa vizuri, na huruma usoni.

Basi sahani ilikuwepo, na ilikuwa bubu. Nilimweleza Paska neno la mama yake. Kama bluu hakuna, watu wakule tu, waende. Mwanamke aliyechezesha Koboko nzima atoke bila mtu kucheza.

Paska hakukubali. Alizunguka Arua, duka kwa duka, akiimba wimbo ule kwa pua mbele ya wauza kanda. Akaipata. Alikuja Pajulu nayo mkononi, na redio kaseti ya jirani yake, ile ambayo mlango wa mahali pa kanda umekatika. Alikuwa na furaha ya kwanza tangu mazishi.

"Baba, nimepata. Ni ile ile. Tena safi."

Nilifurahi. Lazima niseme nilifurahi. Sikufikiri.

Watu wa Koboko walikuja na lori, mchana. Kina mama wale wa uwanja wetu, wamezeeka, wamevaa vizuri. Viktoria alishuka wa mwisho, akashikwa mkono. Alinisalimu, akaniita shemeji, akauliza sufuria za Rosa ziko wapi, anataka kuazima. Wote tukacheka, na wengine wakalia hapo hapo. Tulikula. Padri akasema yake, wazee wa upande wangu wakasema yao. Jua lilikuwa limeinama kidogo, uwanja una kivuli nusu. Paska akaweka kanda, akaigeuza upande wa pili, akatafuta wimbo wa pili.

Ukaanza. Gitaa, saksafoni. Kina mama wakasimama kwa mstari, wakaingia, na goti likakunjwa mahali pake. Muziki haukushuka. Ulikwenda mbele umenyooka, mzuri, kama barabara mpya. Wakakunja tena, wakabaki chini peke yao. Mmoja akagongana na mwenzake. Mstari ukakatika. Wakasimama wakitazamana, mikono bado iko hewani.

Viktoria aligeuka kwangu.

"Shemeji," akasema, "mguu wangu iko anatafuta shimo. Haioni."

Mwingine akasema chini chini kwamba huyu si wa Rosa. Paska alisikia. Alisimama na mikono kifuani, ananiangalia. Nami nilisikia wimbo unaendelea, na nilijua unakwenda wapi. Unakwenda kwenye lile neno. Ndani ya muda mfupi litasemwa uwanjani kwangu, mbele ya wote, neno ambalo Rosa alilikataa kwa kiganja chake Ariwara.

Nikanyoosha mkono nikauzima.

Nikasogeza kigoda mpaka kwenye redio, nikakaa. Pale mlango ulipokatika, magurudumu mawili ya kanda yanaonekana, moja linatoa, moja linakunja. Nimeangalia magurudumu maisha yangu yote. Nikarudisha kanda mwanzo wa wimbo, nikawasha, nikaweka kidole gumba juu ya gurudumu linalotoa.

Nikabonyeza kidogo. Sauti ikazama. Nikaachilia. Ikainuka.

Sikuhitaji kuhesabu. Duara la ile sahani liko ndani ya mwili wangu. Nilifumba macho nikaona kidole cha Rosa mbele ya Yei, kinasukuma bamba tupu, jua liko bado, watu wamekaa chini. Kidole chake kinakwenda, changu kinabonyeza. Saksafoni ikakanyaga shimo, ikatoka. Ikakanyaga, ikatoka. Nikasikia miguu. Kwanza wa Viktoria, namjua kwa uzito wake. Kisha wengine, kisha ardhi yote. Hata watu wa Pajulu waliingia, nilisikia wanakosea, halafu hawakosei.

Wimbo ukasogea kwenye mahali pale. Nikafumbua macho. Mkono mwingine nikauweka juu ya kidude cha kukimbiza kanda mbele. Yule mwimbaji akavuta pumzi. Nilimsikia akivuta, kitu ambacho sikuwahi kusikia, maana sahani yetu ilikuwa imeila hata pumzi. Nikabonyeza. Kanda ikalia kama ndege, ikaruka, nikaachilia.

Wote waliruka. Wote walitua pamoja. Vumbi likainuka mpaka magotini, likakaa pale hewani kwenye mwanga, halikutaka kushuka.

Viktoria alicheza mpaka mwisho. Paska alicheza, na alikuwa analia na kucheka. Mimi nilibaki na kidole changu juu ya gurudumu hata baada ya wimbo kuisha.

Watu wa Koboko walipopanda lori, Viktoria alikuwa na sufuria kichwani. Hakuna aliyemwuliza.

Kanda iko kwangu. Paska aliniambia siku moja, kwa upole, kwamba ninaweza kusikiliza lile neno nikitaka, niko peke yangu, hakuna atakayejua. Nikamwambia ninajua hivyo. Nimeifunga kwenye kitenge cha mama yake, ndani ya sanduku la bati, juu ya ile iliyopinda.

Basi wewe unayesoma, ukizipata hizi sahani mahali, zisikilize. Ile ya Kinshasa uisikilize umeshiba. Yule wa kofia, ukiwa shambani. Yule wa Omdurman, asubuhi, ukiwa umesimama. Na ukiipata ya bluu, mzima, asiyechechemea, ni muziki mzuri, utafurahi. Lakini ukifika upande wa pili, wimbo wa pili, ukasikia neno lile, na siku moja tukakutana Arua au njiani, nisalimu tu. Hilo neno usiniambie.